Skeli na upana wa reli kwenye boksi la behewa la mfano

Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake. Boksi la behewa la abiria la kuunganisha likiandikwa 1:87, kila sentimita 87 za behewa la kweli zimekuwa sentimita moja mezani kwako. Abiria wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2, na behewa refu la Marekani la futi 85, karibu mita 26, linafika sentimita 30. Skeli hiyo huitwa HO na ndiyo iliyoenea zaidi. Ndogo yake inayopatikana kwa wingi ni N, 1:160.

Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Wengi hukwama kwenye upana wa reli, yaani nafasi kati ya vyuma vyake viwili, ambao ni jambo jingine, ingawa wauzaji huvichanganya. Reli ya kawaida ya HO ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 upate 1,435, upana uleule wa SGR inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka. Lakini mabehewa tuliyoyazoea Mwanza, tangu reli ilipofika mwaka 1928, hupita kwenye reli ya mita moja. Gawanya milimita 1,000 kwa 87: ni 11.5. Basi ukiunda behewa la daraja la tatu la hapa kwetu kisha ukalifunga magurudumu yaliyomo kwenye boksi la HO, litasimama kama mtu aliyetanua miguu. Kinachotakiwa ni HOm, skeli ileile ya 1:87 kwenye reli ya milimita 12. Hiyo nusu milimita iliyozidi haionekani kwa macho.

Skeli inaamua kona pia. Behewa la sentimita 30 kwenye kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 45 hutokeza ncha zake nje, viunganishi vinavutana, linaanguka. Anzia sentimita 60. Viwanda vingine hufupisha behewa makusudi ili lipite. Mimi siyapendi hayo, madirisha hupungua na sura hupotea. Afadhali behewa la reli ya mita, ambalo kwa kawaida ni fupi tangu asili.

Uzito ndio usiotii skeli. Behewa la tani 40 likipunguzwa mara 87 kwa urefu, upana na kimo, linabaki na gramu 61 hivi, jepesi mno kutulia relini. NMRA, chama cha Marekani cha waundaji wa reli za mfano, hupendekeza uzito unaokaribia gramu 200 kwa behewa la HO la sentimita 30. Kando ya ziwa dawa haiko mbali: vipande vya risasi vya nyavu. Vibandike sakafuni, juu ya magurudumu, kabla hujaweka gundi ya paa, kisha unawe mikono, maana risasi ni sumu.