Maana ya sarafu ya "Gloria Exercitus"

"Gloria Exercitus" ni jina la aina ya sarafu ndogo za shaba zilizopigwa katika Dola la Roma kuanzia mwaka 330 hivi, enzi ya Kaisari Konstantino Mkuu, hadi miaka michache baada ya kifo chake mwaka 337. Jina limetokana na maandishi ya Kilatini yaliyozunguka upande wa nyuma, yaani "Utukufu wa Jeshi", juu ya askari wawili wenye mikuki na ngao, waliosimama wakielekeana huku katikati yao kukiwa na bendera za kikosi.

Bendera hizo ndizo za kuhesabu kwanza. Zikiwa mbili, sarafu ni ya kati ya 330 na 335 hivi. Ikiwa moja tu, ni ya baada ya hapo, sarafu ilipopunguzwa uzito na upana.

Upande wa kichwa unahitaji subira zaidi, kwa kuwa CONSTANTINVS na CONSTANTIVS ni majina ya watu wawili tofauti, na herufi moja iliyolika yatosha kumgeuza baba kuwa mwana. Hapo hutazamwa kilichovaliwa kichwani: kabla ya kifo chake, Konstantino huonekana na utepe wa kifalme uliopambwa, ilhali wanawe, ambao bado wana cheo cha chini kinachoandikwa NOB C (kifupi cha "Nobilissimus Caesar", yaani Kaisari mdogo), huvaa shada la majani. Ndiyo maana si vyema kusugua kutu ya kijani kwa brashi ya chuma au tindikali, kwani huondoka pamoja na alama hizo.

Chini ya miguu ya askari huandikwa mahali sarafu ilipopigwa. SMANB, kwa mfano, ni karakana ya pili ya Antiokia, na TRP ni karakana ya kwanza ya Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa kisiasa: sarafu zilibeba nyuso za baba na wanawe upande mmoja, na sifa za jeshi upande wa pili, ili urithi wa kiti uonekane una ulinzi wa askari. Adimu zaidi ni zile za Delmatius, mpwa wa Konstantino, aliyepewa cheo hicho cha NOB C mwaka 335. Mwaka 337, baada ya Konstantino kufa, askari walimuua Delmatius, na wana watatu wa marehemu wakagawana dola.