Je, wajua? Kosa ni la kinga ya mwili, mbona inatibiwa tezi?

Mama wa Mkomani, Lamu, anamiminia wageni kahawa na mkono unatetemeka hata vikombe vinagongana. Anakula vizuri, lakini anakonda. Moyo unamwenda mbio ilhali amekaa kitako, na macho yameanza kumtoka. Majirani wanasema ni jicho la hasidi. Kipimo cha damu kinasema tezi ya shingoni, yaani thairoidi, imezidisha homoni.

Ugonjwa huu huitwa Graves, kwa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Kwa kawaida kuna homoni itokayo chini ya ubongo inayoibishia tezi hodi, ikiitikiwa, hutulia. Kwa mgonjwa wa Graves, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga, zinazobisha hodi ile ile usiku na mchana, na tezi huitika kila mara.

Basi mbona isitulizwe kinga? Kwa sababu kuizima kinga nzima ni kumwacha mtu wazi kwa maradhi mengine, ilhali homoni ya tezi ikipungua hurudishwa kwa kidonge. Ndiyo maana hushughulikiwa tezi.

Wengi huanza na vidonge vya kabimazoli kwa miezi 12 hadi 18. Huizuia tezi kutengeneza homoni mpya, lakini ile iliyokwisha kuwekwa akiba huchukua wiki kadhaa kumalizika, kwa hivyo huongezwa propranololi kutuliza moyo na mikono. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa hiyo. Takriban nusu ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa baada ya kuacha vidonge. Mwezi wa Ramadhani, wengi wanaomeza mara moja kwa siku huweza kupangiwa wameze wakati wa daku.

Hapa naomba tusikilizane. Ukitumia kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, usimeze tena. Nenda siku hiyo hiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Chembe hizo kupungua mno kwa sababu ya dawa hutokea kwa nadra, lakini huweza kuua. Aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, asingoje boti ya kesho kutwa.

Njia nyingine ni ayodini ya mnururisho, iliyotumiwa kwanza na daktari Saul Hertz mjini Boston, Marekani, mwaka 1941. Tezi hunyonya ayodini, basi hujimezea yenyewe kitakachoiua. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na yaweza kuzidisha ugonjwa wa macho, hasa kwa mvutaji sigara. Kwa mtu wa Lamu ni safari: boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha mwendo hadi Nairobi.

Upasuaji hufaa zaidi rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, likiwa kubwa, kwa mkono wa daktari mzoefu, maana mishipa ya fahamu ya sauti hupita nyuma ya tezi. Anayeondolewa tezi yote humeza levothairoksini maisha yake yote, na wengi wa waliotumia ayodini pia.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema: kabimazoli yaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo, na ipo dawa nyingine ya kubadilishiwa.