Mhitimu wa umeme na elektroniki: ninayomuuliza kabla ya kumkabidhi saiti

Shahada inanionyesha kwamba mtu amepitia mashine za umeme, sakiti na nadharia ya udhibiti. Hainionyeshi kama akiletewa namba ataweza kujua kwamba inadanganya. Hilo ndilo ninalolitafuta kwanza, na hujitokeza haraka kwenye kazi za kawaida kabisa.

Chukua pampu ya fezi moja, kilowati 2.2, volti 230, iliyo mita 60 kutoka kwenye bodi ya umeme. Itumie kebo gani? Wengi hugawanya 2,200 kwa 230, wakapata ampea 9.6, wakachagua kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5, kazi kwisha. Lakini kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Ufanisi ukiwa 0.8 na pawa fakta (uwiano wa nguvu halisi na volti mara ampea) 0.8, mota inavuta karibu ampea 15.

Halafu kuna umbali. Kebo ya 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi kukiwa kumeshahesabiwa. Zidisha 18 kwa 15 kwa 60: volti 16.2, yaani asilimia 7. Kikomo kinachotumika sana kwa mizigo isiyo taa ni asilimia 5, ambayo ni volti 11.5. Kebo ya 4, kwa milivolti 11, inapoteza volti 9.9. Hiyo iko ndani ya kikomo.

Mhitimu ninayemtaka haishii hapo. Mota inapoanza huvuta mara tano hivi ya mkondo wake wa kawaida, tuseme ampea 75. Kwenye kebo ya 4 zinapotea karibu volti 50, mota inabaki na 180. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, kwa hiyo imebaki asilimia 61 tu. Pampu inanguruma bila kuzunguka, inachemka, breka inakata, na fundi anabadilisha kapasita ambayo haikuwa na tatizo. Kebo ya 6 inaiachia mota volti 197 hivi, asilimia 73 ya nguvu. Na bado tumedhani kwamba bodi inapata 230 kamili! Mwisho wa laini ndefu, saa za jioni, usidhani, kapime.

Kwenye kupima ukinzani wa ethi, yaani fimbo inayopeleka umeme unaovuja ardhini, swali langu ni moja: fimbo mbili za majaribio, ya mkondo na ya volti, umezichomeka wapi? Kwanza umeme uzimwe na waya wa ethi ufunguliwe kwenye fimbo ya ethi, la sivyo unapima ethi za majirani pamoja na yako. Fimbo ya mkondo ikiwa mita 40 kutoka fimbo ya ethi, ile ya volti ikae karibu mita 25, yaani asilimia 62. Kisha isogeze mita 4 mbele, na mita 4 nyuma. Vipimo vitatu vikikaribiana, namba ni ya kweli. Vikitofautiana sana, peleka fimbo ya mkondo mbali zaidi uanze upya. Anayeleta kipimo kimoja tu, hata kiwe kizuri namna gani, simwamini.

Kinga ya waya, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, hupimwa kwa volti 500 za DC, na chini ya megaomu 1 hairuhusiwi. Taa za LED na vifaa vya kuzuia mawimbi ya radi vitolewe kabla. Ukivisahau, ama vitaharibika ama vitakupa namba mbaya kwenye waya usio na tatizo.

Upande wa elektroniki, hatari kubwa kwa mgeni ni osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini. Klipu nyeusi ya probu imeunganishwa na ethi ya jengo. Ukiibana upande wa msingi wa pawa saplai ya kisasa, ule unaoungana na umeme wa ukutani, unatengeneza shoti kupitia daraja la dayodi, na mara nyingi ubao unaungua papo hapo. Kapasita ya upande huo hubeba karibu volti 325 hata plagi ikiwa imetolewa. Itoe chaji kwa kinzani cha kiloomu 10 cha wati 5, ngoja sekunde 10, kisha hakikisha kwa maltimita. Bisibisi si chombo cha kutolea chaji.

Swali jingine ninalolipenda: kihisio cha shinikizo cha bari 0 hadi 10 kinatoa miliampea 4 hadi 20. Ukisoma 12, ni bari 5. Ukisoma 0? Waya umekatika, ndiyo sababu kipimo huanzia 4. Kinzani cha omu 250 kinakupa volti 1 hadi 5, sawa kwa PLC (kompyuta za kuendeshea mitambo) nyingi. Lakini kwenye kidhibiti kidogo (microcontroller) cha volti 3.3 unaweza kuunguza pini. Weka omu 150, upate 0.6 hadi 3.0.

Kwa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa SEAP, miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Ripoti nyingi za wahitimu zimejaa “nilishiriki”. Nilishiriki kufunga ethi! Andika fimbo ngapi, kina gani, tarehe gani, udongo ulikuwa mkavu au mbichi, omu ngapi zilisomeka, na zilipozidi mlifanya nini.