Kwa nini mchoraji Boudin aliandika saa na upepo kwenye picha zake?

Pembeni mwa michoro midogo ya Eugène Boudin kuna maandishi mafupi: tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Mmoja uliandikwa hivi: 8 Oktoba, saa sita mchana, upepo wa kaskazini-magharibi. Picha yenyewe ni mawingu tu. Kwa nini mchoraji ajisumbue hivyo?

Jibu linaanzia nyumbani kwake. Boudin alizaliwa mwaka 1824 huko Honfleur, mji wa bandari katika pwani ya Normandy, Ufaransa, pale mto Seine unapoingia baharini. Baba yake alikuwa baharia, na yeye mwenyewe alifanya kazi chomboni akiwa bado mtoto. Mtu aliyelelewa hivyo hayaoni mawingu kuwa pambo. Huyasoma ajue kama kutakucha shwari au kuna dhoruba njiani.

Na pwani ile haimngoji mtu. Wakati wa bamvua, maji ya Le Havre, bandari iliyo ng'ambo ya mto kutoka Honfleur, hupanda na kushuka mita 7 hivi. Mashua iliyokuwa ikielea asubuhi, alasiri utaikuta imelala ubavu topeni. Mwanga nao hugeuka kila wingu linapopita. Kwa hiyo Boudin alisimama ufukweni na karatasi ndogo na chaki za rangi, akaliwahi wingu kabla halijatawanyika. Chaki haina haja ya kukauka. Akifika nyumbani na michoro kumi ya anga, angejuaje ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni? Saa na upepo vilimkumbusha. Kwangu mimi, ile ilikuwa kumbukumbu ya safari, kama nahodha anavyoiandika.

Mshairi Charles Baudelaire aliiona michoro hiyo mwaka 1859 akastaajabu. Alisema ukiyafunika maandishi kwa mkono, bado utakisia majira, saa na upepo.

Hata picha zake mashuhuri za ufukwe wa Trouville, mji wa mapumziko kwenye pwani hiyo hiyo, zimejengwa juu ya kazi hiyo. Zitazame kwa karibu: upeo wa bahari umeshushwa chini kabisa, anga imechukua theluthi mbili ya picha au zaidi, na mabibi wa Paris na magauni yao mapana wamebaki madoa madogo ya rangi mchangani. Wao ndio waliokuja kutazamwa, lakini Boudin alikuwa akitazama juu yao.

Huko Le Havre alikutana na kijana aliyekuwa akiuza vikatuni vya watu, akamshawishi watoke wakachore nje. Kijana huyo ni Claude Monet, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, ambaye baadaye alikiri kwamba Boudin ndiye aliyemfanya awe mchoraji.

Mwaka 1898, akiwa mgonjwa sana, Boudin aliomba apelekwe Deauville, mkabala na bahari ile ile. Alifariki huko tarehe 8 Agosti.