Ukuta wa magharibi

Kuna jengo hapa Dar es Salaam ambalo nikilipita saa kumi jioni hutazama pembeni. Nililichora mimi. Ghorofa sita, na upande wote wa magharibi ni kioo kitupu. Mteja aliona picha ya jengo la namna hiyo kwenye simu akalitaka. Nami nilikuwa kijana, kodi ya ofisi inanidai, nikagonga mhuri wangu wa msanifu majengo kwenye ramani.

Kosa liko hivi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri huegemea kaskazini kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba huegemea kusini, nyuzi 16 au 17. Nyakati zote mbili liko juu, na zege kidogo likitokeza juu ya dirisha linatosha kulitia kivuli. Jua la jioni halina adabu hiyo. Huja chinichini, likapita chini ya zege na kufika mpaka mezani kwa mtu. Likishavuka kioo linakuwa joto, na joto hilo halitoki kirahisi kule lilikoingilia. Ndiyo maana jengo la hapa linafaa kulazwa mashariki-magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yafunguke kupokea pepo za kaskazi na kusi. Wala kujenga kwa kufuata hali ya hewa si elimu ya jana. Soko la Kariakoo, alilobuni msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilijengwa likiwa na miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua na kuyashusha kwenye tangi la chini.

Wapangaji wa jengo langu wamebandika tinti, wengine magazeti. Mapazia yamefungwa, kwa hiyo taa zinawaka mchana, na kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi. Umeme wa LUKU wananunua wao. Aliyenilipa mimi hajawahi kukaa humo hata alasiri moja! Kwenye mkataba mteja ni mmoja, lakini mhuri wangu unawabana watu ambao sikuwahi kuketi nao, kwa miaka hamsini ijayo.

Baadaye mwenye jengo akaweka paneli chache za sola juu ya paa, akaniomba barua ya kuthibitisha kwamba ni jengo rafiki wa mazingira, aitumie kutafuta wapangaji. Paneli zile hazikutosha hata viyoyozi vya ghorofa moja. Nilikataa, na kazi yake iliyofuata akampa mwingine. Sijisifu: ujasiri huo ningekuwa nao siku ya ramani, barua isingehitajika.

Siku hizi, kabla ya kutaja bei, humpeleka mteja kiwanjani saa kumi jioni, tukasimama tukitazama magharibi. Wengine hawarudi. Wa mwisho alifuta jasho, akauliza kama ngazi, vyoo na stoo vinaweza kuhamia upande ule. Vilihamia. Kioo chake tukakiweka kaskazini.