Foleni ya kanuni: jinsi WordPress inavyoamua anwani inakwenda ukurasa gani

Mama mmoja anayeuza nafaka katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, alimlipa mchoraji amwandikie anwani ya tovuti yetu ya bei kwenye mlango wa mabati wa kibanda chake. Mchoraji aliandika alichopewa: jina la tovuti, mkwaju (/), alama ya kuuliza, kisha post_type=soko&p=214. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimpa mama huyo kiungo wakati ukurasa ulikuwa bado rasimu. Nilipopita kununua maharagwe aliniuliza, "Mwanangu, wateja wananiuliza hii alama inasomwaje. Niwaambie nini?"

Tovuti yenyewe ni ndogo, na inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kusimamia tovuti. Inaonyesha bei za nafaka kwa gorogoro na kwa gunia katika masoko ya Kisumu, Siaya, Vihiga na Busia, pamoja na machache ya Uganda ambako wafanyabiashara wetu hununua maharagwe. Kurasa zilizokwisha kuchapishwa zilikuwa na anwani ya namna ya /soko/luanda/, ambayo inasomeka lakini haimwambii msomaji soko liko wapi. Tulitaka /vihiga/luanda/, kwa kuwa mtu anayeona Luanda peke yake kwenye intaneti ana haki ya kudhani tunazungumzia mji mkuu wa Angola.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kuelewa kwamba kwenye seva hakuna folda yoyote inayoitwa vihiga. Ombi linapofika, seva ya Apache husoma faili la .htaccess, ambalo huuliza kama kuna faili au folda halisi yenye jina lililoombwa. Ikiwa ipo, kama vile picha au faili la mtindo, hutolewa moja kwa moja. Ikiwa haipo, ombi lote hukabidhiwa index.php, faili la kuingilia WordPress. Wanaotumia Nginx, seva mbadala wa Apache, hupata matokeo hayohayo kwa mstari mmoja wa try_files. Kuanzia hapo anwani ni maandishi tu, na ni WordPress inayoamua maana yake.

Uamuzi huo hufanywa kwa foleni. WordPress ina orodha ndefu ya ruwaza za herufi, na huipitia kutoka juu kwenda chini ikilinganisha kila ruwaza na anwani iliyoombwa. Ruwaza ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshinda, na zilizo chini yake haziulizwi kabisa, hata kama mojawapo ingefaa zaidi. Ruwaza iliyoshinda huigeuza anwani kuwa vigezo vya kutafutia kwenye hifadhidata. Karibu matatizo yote niliyowahi kuitwa kuyatatua katika eneo hili yalikuwa ya foleni: kanuni iliyo pana mno ilikuwa imesimama mbele ya kanuni iliyo sahihi.

Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Niliandika ruwaza inayosema "neno lolote, mkwaju, neno lolote", nikaiweka juu ya foleni. Kurasa za masoko zilifunguka vizuri, nikafunga kompyuta nikaenda kula. Niliporudi, /kuhusu/historia/ ilikuwa haifunguki, kurasa za kategoria zilikuwa zimepotea, na /page/2/ ya habari ilikuwa ikitafuta soko liitwalo "2" katika eneo liitwalo "page". Kanuni yangu ilikuwa imemeza kila anwani yenye sehemu mbili. Dawa yake ni kutaja maeneo yenyewe kwa majina:

add_rewrite_rule( '^(kisumu|siaya|vihiga|busia|uganda)/([^/]+)/?$', 'index.php?eneo=$matches[1]&soko=$matches[2]', 'top' );

Wapo wanaolalamika kwamba orodha ya namna hii italazimika kubadilishwa kila eneo jipya linapoongezwa. Ni kweli, lakini kwangu mimi hiyo ni faida, kwa sababu eneo jipya haliongezwi kwa bahati mbaya. Gharama iliyobaki ni kwamba ukurasa wa kawaida hauwezi tena kuwekwa chini ya /kisumu/, hivyo ukurasa wa ofisi yetu ulihamia kwingine.

Kigezo cha soko kinajulikana tayari kwa WordPress kwa kuwa ndilo jina la aina ya maudhui niliyoisajili. Kigezo cha eneo hakijulikani, na kigezo kisichojulikana hutupwa kimyakimya, bila onyo wala kosa. Ukurasa hufunguka, ila kichwa cha "Masoko mengine ya eneo hili" hubaki kitupu, nawe unaanza kutafuta kosa kwenye kiolezo ambako halipo. Kisajili kwa kichujio cha query_vars; kichujio ni mahali WordPress inapokuruhusu kubadilisha taarifa kabla haijazitumia.

Jambo jingine linalowachosha wanaoanza ni kwamba kubadilisha msimbo hakubadilishi foleni. Orodha ya kanuni huhifadhiwa kwenye jedwali la wp_options kwa jina la rewrite_rules, na hubaki ilivyo mpaka ijengwe upya. Njia rahisi ni kufungua mipangilio ya viungo vya kudumu na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kubadilisha chochote. Usiite flush_rewrite_rules, amri ya kuijenga foleni upya, katika init, hatua ya mwanzo ya kila ombi, maana hapo foleni nzima itajengwa upya kila mgeni anapofungua ukurasa wowote. Iite plagini inapowashwa, basi. Ukitaka kuiona foleni kwa macho, amri ya wp rewrite list ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, huionyesha yote kwa mpangilio wake.

Kufikia hapo mfumo unajua kuisoma anwani mpya, lakini haujui kuiandika. Menyu, utafutaji na ramani ya tovuti viliendelea kutoa /soko/luanda/, kwa sababu kanuni ya foleni hushughulikia kinachoingia peke yake. Kinachotoka hurekebishwa kwa kichujio cha post_type_link, ambamo nilisoma eneo lililohifadhiwa pamoja na taarifa za soko na kulitia kwenye anwani. Niliusahau mkwaju wa mwisho, na nitaeleza hivi punde ulivyonilipiza.

Majina nayo yana vituko vyake. Ng'iya ya Siaya hugeuka ngiya, kwani WordPress huondoa ritifaa inapotengeneza jina fupi la ukurasa, jambo ambalo halinisumbui. Mbale ilinisumbua. Iko ya Vihiga na iko ya Uganda, na kwa kuwa kurasa mbili za aina moja haziruhusiwi kuwa na jina fupi moja, ya pili ilipewa mbale-2. Ningeweza kuandika msimbo wa kutafuta kwa eneo na jina kwa pamoja, lakini kwa ajili ya soko moja niliona ni kutwanga maji kwenye kinu. Niliibadilisha kwa mkono ikawa mbale-ug.

Kanuni yangu pia hairuhusiwi kuamini eneo lililoandikwa. Mtu akiandika /kisumu/luanda/, WordPress itafungua Luanda hiyohiyo, kwa kuwa jina la soko linatosha kuipata. Kosa hilo ni la kawaida, maana Luanda iko kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia na wengi huihesabu kuwa ya Kisumu. Kwa hiyo katika template_redirect, hatua iliyo kabla tu ya ukurasa kuonyeshwa, ninalinganisha njia iliyoombwa na anwani rasmi ya soko, na zikitofautiana ninamwelekeza mgeni kwenye iliyo rasmi. Ukaguzi huohuo unazihudumia anwani zote za zamani za /soko/ zilizokwisha kusambazwa kwenye WhatsApp.

Hapo ndipo mkwaju ule uliponilipiza: WordPress iliuongeza, ukaguzi wangu ukauondoa, nayo ikaurudisha, mpaka kivinjari kikakata tamaa. Kupitisha anwani katika user_trailingslashit, ambayo huweka au huondoa mkwaju wa mwisho kulingana na mipangilio ya tovuti, kulimaliza ugomvi. Bahati nzuri nilikuwa ninajaribu kwa msimbo wa 302, wa kuelekeza kwa muda, kwa kuwa 301, wa kuelekeza kwa kudumu, hukumbukwa na kivinjari, na kosa lingebaki kwenye simu za watu hata baada ya kulisahihisha kwenye seva.

Kuhusu mlango wa Kibuye, WordPress yenyewe hupokea anwani yenye p=214, huutafuta ukurasa wenye nambari hiyo, na kumpeleka mgeni kwenye anwani yake ya kudumu, ambayo sasa hupitia kichujio changu. Nilimweleza mama kwamba maandishi yale yanafanya kazi na hana haja ya kuyafuta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mchoraji aandike /kisumu/kibuye/, akanituma nimlipe.