Homoni za mtoto mchanga ambaye korodani zake hazijashuka

Mama anapomwogesha mwanawe na kugundua kwamba upande mmoja wa mfuko wa korodani ni mtupu, swali linalomsumbua mara nyingi ni kama mtoto huyo atakuja kupata watoto wake. Sehemu ya jibu imo katika damu ya mtoto, ingawa kwa baadhi ya homoni jibu hilo hupatikana kwa muda mfupi sana.

Korodani hutungwa ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha huteremka hadi kwenye kinena na hatimaye mfukoni, safari ambayo sehemu yake ya mwisho hutegemea testosteroni, homoni ya kiume. Katika watoto 100 wa kiume waliotimiza miezi tumboni, 2 hadi 4 huzaliwa safari hiyo ikiwa haijakamilika, na kwa watoto njiti idadi huweza kufika 30. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo.

Wazazi wachache wanajua kwamba mtoto mchanga hupitia balehe ndogo. Homoni za kondo la nyuma zikishakwisha mwilini mwake, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huanza kutoa LH na FSH, homoni zinazoziamsha korodani, nazo korodani huitikia kwa kutengeneza testosteroni kwa wingi. Kilele huwa kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Ifikapo miezi 6 testosteroni huwa imeshuka sana, na hukaa hivyo hadi balehe yenyewe. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo seli changa za korodani hugeuka kuwa seli mama za mbegu, mageuzi ambayo hudhoofika korodani inapobaki kwenye joto la ndani ya mwili.

Kwa sababu hiyo umri wa mtoto siku ya kutolewa damu ni muhimu kama kipimo chenyewe. Testosteroni ya chini kwa mtoto wa miezi 9 ni hali ya kawaida, na inasikitisha kuona wazazi wakikosa usingizi kwa ajili ya jibu la namna hiyo. Baada ya dirisha hilo la miezi ya mwanzo kufungwa tunategemea AMH na inhibini B, homoni ambazo korodani huendelea kuzitoa utotoni: zikikosekana kabisa huku FSH ikiwa juu, huenda mtoto hana korodani popote.

Mtoto mwenye korodani moja tu isiyoshuka, na maumbile mengine ya kawaida, kwa kawaida hahitaji vipimo hivi. Lakini korodani zote mbili zisipopapasika tangu kuzaliwa, uchunguzi usingoje hata wiki moja, kwani huyo anaweza kuwa mtoto wa kike mwenye kasoro ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambayo huyafanya maumbile yake yafanane na ya kiume, humpotezea chumvi na kuhatarisha maisha yake. Uume mdogo kupita kiasi nao hutufanya tuichunguze pituitari.

Sindano za homoni za kushusha korodani hatuzipendekezi, kwa kuwa mafanikio yake ni madogo. Korodani ambayo haijashuka mtoto akiwa na miezi 6 (kwa njiti, tukihesabu tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa) ipelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto, ili ishushwe kabla ya miezi 18. Naye daktari ampapase mtoto akiwa ametulia, kwa mikono iliyopashwa joto, maana baridi huweza kuipandisha hata korodani iliyokwisha kushuka.